Skuli ya Nyumbani Huku Karagwe na Kyerwa: Tumpeleke Mtoto au Tumfunze Wenyewe?



Leo tunawaandikia kutoka mbali na bahari. Sisi ni wanawake wa Unguja na Pemba ambao ndoa zimetuleta Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Baadhi yetu tunakaa Kayanga, wengine Omurushaka, wengine Nkwenda, na mmoja yuko Murongo, ambako ukivuka mto umeshaingia Uganda. Waume zetu ni watu wa kahawa, wa maduka na wa magari. Mara mbili kwa mwezi tunakutana kwa darsa, tunapika pilau, tunafundishana, tunasikilizana.

Kuna bibi harusi wengi wanaotuuliza maisha ya huku yakoje. Wanauliza kuhusu baridi (leteni sweta), kuhusu chakula (mtaizoea ndizi, na mwezi wa Novemba mtaletewa senene kwenye sahani), na kuhusu mawifi. Lakini swali linalotushughulisha sisi tulio na watoto ni jengine: mtoto asome wapi? Na zaidi ya hapo, je, mama anaweza kumweka mtoto nyumbani akamfunza mwenyewe, dini na dunia, asimpeleke skuli kabisa?

Msidhani ni swali la wavivu. Huku nyumba zimetawanyika juu ya vilima. Mtoto wa miaka sita anaweza kutembea muda mrefu asubuhi kwenye ukungu, na msimu wa mvua njia inageuka tope. Skuli nyingi zenye sifa ya kufaulisha ni za bweni, na nyingi ni za makanisa, maana Wakatoliki na Walutheri walitangulia kujenga huku na wamejenga vizuri. Hatuwalaumu, na majirani zetu Wanyambo ni watu wa heshima. Lakini mama wa Kiislamu anafikiri: mwanangu atasali wapi? Nani atamsikiliza juzuu amma?

Halafu kuna jambo jengine ambalo huku halitajwi kwa sauti kubwa. Alfajiri ya tarehe 14 Septemba 2020, bweni la skuli ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa, liliungua moto. Watoto 10 walifariki. Walikuwa wadogo, wa umri ule ambao bado mama anawafunga vifungo vya shati. Tunawaombea Allah awafanye watangulizi wema kwa wazazi wao na awape wazazi wao subira. Hatuandiki haya kumshutumu mtu. Tunayaandika kwa sababu mkija kuolewa huku mtakutana na kina mama ambao tangu mwaka ule, wakisikia neno bweni, wananyamaza.

Mwaka 2023 serikali ilitoa agizo: kuanzia tarehe 1 Machi, watoto wa awali mpaka darasa la nne wasilale bweni. Sisi tuliifurahia habari ile, maana mtoto wa miaka sita mahali pake usiku ni karibu na mama yake. Lakini agizo lile lilileta hesabu mpya. Mzazi aliyekuwa akimpeleka mtoto bweni kwa sababu ya umbali sasa ana mambo matatu ya kuchagua: skuli ya karibu hata kama darasa limejaa, bodaboda asubuhi na jioni, au kumweka nyumbani. Wengine wakaanza kunong'ona lile la tatu.

Dada mmoja katika sisi, anayekaa upande wa Kyerwa, alikuja kwenye darsa na hoja kamili. Binti yake alikuwa ametimiza miaka saba. Anasoma Qur'ani vizuri, anaandika jina lake, anajua kujumlisha. Mama mwenyewe amemaliza kidato cha sita. Akatuuliza: "Kwa nini nimpeleke kwenye darasa lenye watoto tele, kutwa, kwenye mvua, ilhali nikikaa naye saa tatu mezani anajua zaidi ya wenzake?" Hatukuwa na jibu la papo hapo. Tukakubaliana kwamba kabla ya mkutano unaofuata kila mmoja aulize, asome, aje na anachokijua.

Wa kwanza kuleta habari alikuwa yule ambaye mume wake ana ndugu mwalimu. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 inasema mtoto aliyefikisha miaka saba na hajafikisha kumi na tatu lazima aandikishwe elimu ya msingi, na mzazi ana wajibu wa kuhakikisha anahudhuria. Siku hizi watoto huandikishwa darasa la kwanza hata na miaka sita. Hakuna dirisha la kwenda kusajili meza yako ya kulia chakula kuwa skuli. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inahesabu elimu kuwa haki ya mtoto, si zawadi ambayo mzazi akitaka anampa.

Halafu kuna mtihani. Mtoto wa skuli ya msingi anakuwa na namba yake kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, na namba ile anaipata kupitia skuli. Kwa namba hiyo anahamishwa, kwa hiyo anaandikishwa upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Mtoto aliyefunzwa nyumbani, hata awe na akili kama nini, anafika mlangoni mwa mtihani hana namba. Kwa wakubwa ipo njia ya mtahiniwa wa kujitegemea, na aliyekosa sekondari hupitia kwanza mtihani wa maarifa, ule unaoitwa QT. Lakini ile ni njia ya aliyekosa. Kwa nini umpangie mwanao kukosa?

Wa pili alileta habari za nje. Alitwambia kuwa duniani watu hawakubaliani hata kidogo. Ujerumani wanakataza mtoto kusomeshwa nyumbani, na wazazi waliopeleka kesi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu walishindwa mwaka 2006 na tena mwaka 2019. Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote 50, lakini kila jimbo na utaratibu wake: Texas mzazi hana haja hata ya kutoa taarifa, ila New York anapeleka mpango wa masomo, ripoti kila robo ya mwaka na matokeo ya upimaji. Afrika Kusini walitia saini sheria mpya Septemba 2024 inayotaka mzazi aandikishe mtoto anayesoma nyumbani. Na jirani zetu Kenya, mwaka 2019 mzazi mmoja wa Kakamega alifikishwa mahakamani kwa kutowapeleka watoto skuli, akisema anawafunza nyumbani.

Tukauliza: na matokeo je? Hao wanaofunzwa nyumbani wanafaulu?

Hapo ndipo tulipojifunza kusoma takwimu kama wanawake wanaochagua kitambaa, kwa kukigeuza upande wa nyuma. Mwaka 1999 mtafiti wa Kimarekani, Lawrence Rudner, alitoa matokeo ya wanafunzi zaidi ya 20,000 waliofunzwa nyumbani, na alama zao zilikuwa juu sana. Wanaopenda skuli ya nyumbani hupenda kuyataja. Lakini waliopimwa ni wale ambao wazazi wao walijitokeza wenyewe, na wengi wa wazazi hao walikuwa na elimu na kipato kizuri. Ni kama kwenda kwenye harusi ya tajiri ukasema Zanzibar nzima inakula biriani kila siku. Wale ambao mambo hayakuwaendea vizuri hawakuja kupimwa. Mwaka 2020 mwanasheria wa Harvard, Elizabeth Bartholet, alitaka Marekani izuie jambo hili isipokuwa kwa ruhusa, na moja ya hoja zake ilikuwa hiyo hiyo: mtoto asiyeonekana na mtu hatujui hali yake.

Utafiti uliotupendeza zaidi ni mdogo, wa Kanada, uliotoka mwaka 2011. Walichukua watoto 37 wa nyumbani na 37 wa skuli, wakawapima wenyewe. Watoto wa nyumbani waliokuwa na ratiba, vitabu na mpango walikuwa mbele ya wenzao wa skuli. Lakini kulikuwa na 12 ambao wazazi wao waliwaacha wajisomee wanavyotaka, bila mpango. Hao walikuwa nyuma. Watoto ni wachache mno kuhukumu dunia nzima. Kwetu, hata hivyo, ulisema jambo ambalo kila mama anaweza kulielewa: kuwa ndani ya nyumba peke yake hakumfunzi mtoto. Kinachofunza ni mpango, na mtu wa kuusimamia kila siku, hata siku unaumwa, hata siku wageni wamekuja.

Na ili tuwe waadilifu, kuwa ndani ya skuli nako peke yake hakumfunzi mtoto. Tangu mwaka 2010 watu wa Uwezo wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba Tanzania kuwapima watoto majumbani, na wakakuta wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Walikuwa wameandikishwa, sare wanavaa, asubuhi wanatoka. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 madarasa yakajaa zaidi. Kwa hiyo yule dada wa Kyerwa hakuwa anaota. Hofu yake ilikuwa na mguu wa kusimamia.

Basi tukarudi kwenye dini yetu. Nyumba katika Uislamu imekuwa skuli tangu mwanzo. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alifundisha akiwa nyumbani kwake, na wanaume wakubwa walikuja kumuuliza. Bibi Shifaa binti Abdullah alimfunza Bibi Hafsa kuandika. Na visiwani kwetu nani hakuanza chuoni, kwenye baraza la nyumba ya maalim, na ubao mapajani? Sayyida Salme, binti wa Sultani, alifunzwa kusoma lakini hakufunzwa kuandika, maana haikuwa desturi kwa mtoto wa kike. Akajifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Tunaipenda hadithi ile. Lakini tuisome mpaka mwisho: waliomfunza nyumbani ndio waliokata pia kwamba kuandika si kwake. Nyumba inaweza kumfungulia mtoto mlango, na inaweza kuufunga, na hakuna wa nje atakayejua.

Hilo ndilo lililotugeuza. Mkubwa wetu, ambaye ameishi huku muda mrefu kuliko sote, alimuuliza yule dada swali moja tu: "Mwanangu, ukijifungua tena, nani atabeba mtoto wakati unapika?" Kimya. Kila mmoja wetu alijua jibu. Binti wa miaka saba aliye nyumbani, kwanza anashika kitabu. Baada ya mwezi anashika kitabu na sufuria. Baada ya mwaka anashika mtoto mgongoni, na kitabu kiko juu ya kabati. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mama anachoka, bibi anaumwa, wageni wanakuja. Wa kiume huambiwa "nenda kasome", wa kike huambiwa "njoo mara moja". Ile kengele ya skuli, hata kama darasa limejaa, inamtoa binti ndani ya "njoo mara moja" zetu kwa saa kadhaa kila siku. Sheria inayomlazimisha mzazi, tuliyoiona kama fimbo, kwa binti yule ilikuwa ukuta wa kumkinga.

Yule dada alilia kidogo, kisha akasema atamwandikisha, ila kwa shuruti zake: alale nyumbani, avae hijabu yake, na awe na wa kutembea naye. Mume wake alikubali kumpeleka kwa pikipiki siku za mvua. Siku nyengine anakwenda na watoto wa majirani, wakubwa wakiwatangulia wadogo. Alhamdulillah, mpaka leo anasoma.

Hatutaki kuwadanganya kwamba kila kitu kimekuwa sawa. Mtoto anarudi jioni amechoka. Kuhifadhi kwake kumepungua kasi. Surah aliyokuwa akiimaliza kwa wiki sasa inachukua mwezi. Mama yake anaumia kwa hilo, na sisi tunaumia naye. Lakini amepata namba yake, amepata wenzake, na Kinyambo anakijua kuliko sote.

Tulichokianzisha sisi ni hiki, labda na nyinyi kitakufaeni popote mlipo. Hatumtoi mtoto skuli, ila hatumwachii mwalimu peke yake. Baada ya Magharibi, nusu saa ni Qur'ani na nusu saa ni kusoma na hesabu. Simu zinakaa ndani ya kikapu, ya baba pia. Wadogo ambao hawajafika umri wa skuli tunawafunza asubuhi: silabi kwa kadi tulizokata kwenye maboksi, kuhesabu kwa punje za kahawa, ambazo huku hazikosekani. Mwaka 2020, skuli zilipofungwa tarehe 17 Machi kwa ajili ya korona mpaka mwisho wa Juni, nchi nzima iligeuka skuli ya nyumbani kwa lazima. Waliokuwa na desturi hii tayari watoto wao hawakusahau sana.

Na kubwa kuliko yote, tunabadilishana watoto. Kila baada ya miezi mitatu, mwanangu anapimwa na wewe, na wako anapimwa na mimi. Tunampa mtoto hadithi fupi ambayo hajawahi kuiona, aisome, kisha atueleze nini kimetokea. Kwa njia hii tulimgundua mtoto mmoja aliyekuwa akisoma kitabu chake kizima kwa sauti nzuri, kumbe amekikariri. Akipewa ukurasa mgeni, anakwama neno la kwanza. Mama hawezi kuliona hilo kwa urahisi, kwa sababu anamsikiliza mwanawe kwa masikio ya mapenzi. Mwengine analiona kwa dakika tano. Leo mtoto yule anasoma hata matangazo ya dukani.

Ndiyo maana mjadala wa kudhibiti skuli za nyumbani hautuogopeshi tena. Tungependa siku moja serikali yetu iweke njia iliyo wazi, kwa mfano kwa mtoto mgonjwa, mwenye ulemavu, au anayekaa mbali kweli kweli: mzazi aandikishe, afisa elimu aje kuangalia, mtoto apimwe kama wenzake na apate namba yake. Mwenye kufunza vizuri hana cha kuficha. Na mwenye kumfungia binti jikoni kwa jina la elimu, ajue kuna mtu atagonga mlango. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, ametufundisha kuwa kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Kama tutaulizwa na Mola, hatuna haja ya kukasirika tukiulizwa na afisa elimu wa kata.

Sasa neno kwa mabibi harusi wetu. Tunajua mna mengi: henna, singo, vyombo, nguo ya siku ya ndoa. Lakini kabla ya kusema ndiyo, muulizeni mchumba haya: Watoto wetu watasoma wapi? Atawapeleka nani, na kwa pesa ipi? Binti atasoma mpaka wapi? Na mimi nikitaka kuwafunza nyumbani jioni, nitapewa wasaa huo, au wageni wa kaka yako wataendelea kula mpaka saa nne usiku? Haya ni maswali ya heshima na anayeyakasirikia amekujibu. Mzazi wako anaweza kumuuliza kwa niaba yako kama unaona haya. Kumbukeni yule sahaba aliyekuwa hana hata pete ya chuma, akaozeshwa kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Elimu iliwahi kuwa mahari, basi haiwezi kuwa jambo la kuzungumzwa baada ya miaka saba ya ndoa.

Na atakayeletwa huku kwetu na nasibu yake, asiogope. Sisi si wa mwanzo kutoka pwani. Wafanyabiashara kutoka Zanzibar walikuwa na kituo chao Kafuro, hapa Karagwe, tangu enzi za Mfalme Rumanyika katika karne ya 19. Ukifika, uliza Kayanga au Nkwenda kwa wanawake wa Kizanzibari. Tutakukaribisha kwa kahawa ya huku na halua ya kwetu, kama boti na basi vimeifikisha salama. Njoo na sweta, na vitabu vya hadithi vya watoto ukiweza. Vya kwetu vimeshasomwa mpaka vimekaririwa.

Wabillahi tawfiq.